Uzi bila majina ya wagombea: chama chako kinaamini nini kuhusu uchumi?

Mkokoteni (mleta uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Uzi huu una sharti moja. Unapojibu swali langu usitaje mgombea wala mwenyekiti yeyote aliyeko ulingoni. Taja chama. Watu wa kwenye historia ruksa.

Swali lenyewe hili. Unga umepanda bei Dar es Salaam. Wakati huohuo mkulima wa Sumbawanga amepata mnunuzi kutoka Kongo anayempa bei nzuri kuliko madalali wa hapa ndani. Chama chako kikiwa madarakani kitafunga mpaka au kitauacha wazi?

Msinijibu kwamba hayo ni ya Wizara ya Kilimo. Ukifunga mpaka umemtoza mkulima kodi isiyo na risiti, na hela hiyo umempa mlaji wa Manzese. Ukiuacha wazi, mlaji wa Manzese ndiye anayelipa. Chama chenye msimamo wa uchumi kimeshaamua, kabla ya njaa na kabla ya kampeni, kwamba mambo yakifika hapo kitamkwaza nani. Kisichoamua kitaamua siku hiyohiyo, kwa kuangalia nani anapiga kelele zaidi.

Tuanze na chama tawala. Juni 2017 serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi; anayetaka kuuza asage kwanza, auze unga. Wakulima wa Rukwa, Ruvuma na Songwe wakabaki na magunia ndani, bei ikaporomoka. Miaka michache baadaye serikali ya chama hichohicho ikawa inawaambia wakulima kwamba mpaka haufungwi, mazao ni mali yao, wauze wanakotaka. Mimi ni mtu wa mpaka wazi, nisiwafiche, kwa hiyo uamuzi wa pili niliupenda. Lakini chama chenyewe kinaamini kipi kati ya hivyo viwili? Mkulima anayeandaa shamba leo akope mbolea mifuko mingapi, kwa kutegemea lipi?

Machinga nao hivyohivyo. Desemba 2018 waligawiwa vitambulisho kwa shilingi 20,000, ikatoka amri wasibughudhiwe. Oktoba 2021 wakaondolewa barabarani. Rangi ya bendera haikubadilika.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967, kesho yake benki zikataifishwa. Ulipende usilipende, ulijua TANU inasimamia wapi, na miiko ilianza kumbana kiongozi mwenyewe: asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha, asile mishahara miwili.

CHADEMA nayo ina asili yake kwenye ubishi wa uchumi, jambo ambalo sidhani kama vijana wake wengi wanalijua. Edwin Mtei alikuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, baadaye waziri wa fedha. Mwaka 1979 akajiuzulu kwa sababu yeye na Mwalimu hawakuelewana kuhusu masharti ya IMF, kubwa likiwa kushusha thamani ya shilingi. Vyama vingi viliporuhusiwa 1992, ndiye aliyeanzisha CHADEMA. Yaani mtu aliacha uwaziri kwa ajili ya thamani ya shilingi! Leo muulize kijana wa chama hicho wanataka nini, atakujibu Katiba mpya na tume huru. Ni madai ya haki na mimi nayaunga mkono. Lakini muuza mkaa wa Mbagala anataka kujua pia, Katiba mpya ikishapatikana Jumatatu, Jumanne atatozwa nini.

Hoja yangu ni nyepesi. Mtu anakiamini chama pale anapoweza kubashiri kitafanya nini kabla hakijatamka. Vyama vyetu havibashiriki, ndiyo maana kila uchaguzi tunaishia kupima sura za watu.

Karibuni.

---

Siti ya Mbele

Naweka kambi hapa. Ngoja waje wenye vyama vyao.

---

Kiberenge

Mkuu, uzi mzuri ila umeruka sehemu. 2015 mgombea wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, alipata asilimia 39.97, kura zaidi ya milioni 6. Upinzani haujawahi kufika hapo, kabla wala baada. Na ilitokea mwaka uleule ambao mnatusimanga kwamba tuliuza msimamo. 2010 sisi CHADEMA tulikuwa na chama safi, ajenda safi, tukapata robo na ushee. Siasa za mtu zimelipa kuliko hizo kanuni zako. Huo ndio ukweli hata kama unauma.

---

Mkokoteni

Kamanda, zilikuwa kura za nani? Machi 2019 mwenye nazo alirudi CCM, mkabaki kuhesabu upya.

Halafu angalia mlichotoa kuzipata. Kuanzia Mwembeyanga Septemba 2007, mliposoma orodha ya mafisadi, mpaka Julai 2015 mliwafundisha watu kwamba umaskini wao una chanzo kimoja: wizi. EPA, shilingi bilioni 133 zilizochotwa Benki Kuu. Richmond, mkataba tata wa umeme, waziri mkuu akajiuzulu Februari 2008. Huo haukuwa msimamo kamili wa uchumi, kwa sababu hausemi ukishawafunga wezi wote unatoza nini na unajenga nini. Lakini angalau ulikuwa msimamo. Ndani ya wiki moja mkawaambia watu wausahau, aliyejiuzulu ndiye mgombea wenu. Aliyeisoma ile orodha Mwembeyanga akaachana na siasa za chama. Hasara ya namna hiyo huioni kwenye matokeo ya mwaka uleule.

---

Mwana wa Nguruka

Mimi ni ACT na sitakuonea haya. Msimamo tuliuandika. Azimio la Tabora, Juni 2015: tukahuisha Azimio la Arusha, miiko ya viongozi, kutangaza mali, umiliki wa umma, kila kitu kwa Kiswahili kinachosomeka. Ni chama gani kingine kilikwenda kwenye uchaguzi ule na waraka wa aina hiyo? Matokeo: asilimia 0.65 ya kura za urais na mbunge mmoja. Nadharia yako ilishafanya mtihani ikapata sifuri.

---

Mkokoteni

Hii ndiyo hoja niliyokuwa naiogopa kuliko zote, ahsante kwa kuileta mapema.

Azimio la Tabora nililisoma lote na nililipenda kuliko ilani zote za mwaka ule, pamoja na kwamba sikubaliani na nusu yake. Ila lilitoka miezi minne kabla ya kura, na chama kilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Sasa fuatilia kilichofuata. 2017 mgombea wenu wa urais akateuliwa mkuu wa mkoa wa Kilimanjaro. Mwaka huohuo mmoja wa vinara wa fikra za chama akawa katibu mkuu wa wizara. Leo ni mtu wa CCM. 2020 mkamsimamisha waziri wa zamani wa mambo ya nje wa CCM, kisha katikati ya kampeni viongozi wenu wakuu wakampigia debe mgombea wa chama kingine huku wenu akiwa bado kwenye karatasi.

Mtu wa Uvinza angepata wapi nafasi ya kuliamini hilo Azimio? Waandishi wake walianza kulihama kabla hajalisikia.

---

Mwana wa Nguruka

Umenishika pabaya.

Ila niongeze jambo ambalo wenzangu hawatalipenda. Nguvu yetu kubwa ni Zanzibar, na kule hatukuijenga kwa Azimio. Ilikuja Machi 2019 kwa shusha tanga, pandisha tanga, wafuasi wa CUF walipohamia kwetu. Watu wa Pemba wanatuchagua kwa jambo lao na wana haki, ila ukiwauliza Azimio la Tabora linasemaje kuhusu ardhi watakutazama tu.

---

Babu Korongo

Wanangu, nimewasoma. Nyie mnaozungumzia msimamo kana kwamba ni dawa, hamkukaa foleni.

Sisi tulikuwa nao huo msimamo mpaka ukatukosesha sabuni. Mwalimu alikataa masharti ya IMF 1979, mwaka wa vita ya Kagera, mafuta ghali, hazina tupu. Mzee Mwinyi akaja kukubaliana nao 1986. Hesabuni hiyo miaka. Hapo katikati sukari ni ya duka la kaya, unga wa njano kutoka Marekani, 1983 tunaambiwa adui ni mhujumu uchumi, watu wanatupa bidhaa usiku zisikutwe ndani. Mtei aliona mapema. Kwa hiyo msimamo unaweza kuwa imara na ukawa umekosea.

Lakini kuna jambo sijaona mtu amelisema humu. Pamoja na dhiki yote ile, tulimlaumu Mwalimu, hatukusema anatuibia. Tulisema amekosea. Hayo ni maneno mawili tofauti kabisa. Nadhani ni kwa sababu ya ile miiko: tuliona mkuu wetu wa wilaya naye hana sabuni.

Imani ilianza kuondoka baadaye, dukani kukiwa kumeshajaa. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar ikalegeza miiko. Kiongozi akaruhusiwa hisa, nyumba za kupangisha, mshahara zaidi ya mmoja. Huenda ilibidi, sibishi, dunia ilikuwa imegeuka. Lakini Azimio la Arusha lilipotoka watu waliliunga mkono kwa miguu. Mwalimu mwenyewe alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza. Yule kijana Seth Benjamin alifia njiani kwenye matembezi ya kuliunga mkono. La Zanzibar sisi tulilisikia kwa uvumi. Hakuna aliyetusimamisha uwanjani akasema: ndugu wananchi, yale tuliyowaambia tumeyaacha, na sababu ni hizi.

Na mpaka leo ibara ya 3 ya Katiba inasema nchi hii ni ya kijamaa. Someni.

---

Mkokoteni

Shikamoo babu. Umenisaidia kulisema vizuri kuliko nilivyolisema mimi.

Basi niiweke hivi: chama kina haki ya kubadili msimamo. Hakina haki ya kuubadilisha usiku. CCM imebadili uchumi wake 1986, ikabadili tena enzi za ubinafsishaji, ikakata kona tena 2015 kurudi kwenye dola kujenga yenyewe, ndege, reli, bwawa la megawati 2,115, mpaka korosho 2018 zikanunuliwa kwa 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakazibeba. Kisha 2021 kona nyingine. Kila kona imepewa jina la rais aliyekuwepo, hakuna iliyopigiwa kura na wanachama kama jambo la chama. Ndiyo maana humu mnasema "uchumi wa fulani" na hamsemi "uchumi wa CCM".

---

Chawa Mstaafu

Mnasahau kwamba huko kubadilika ndiko kumekiweka chama madarakani. Chama kinachoweza kubeba wajamaa na wafanyabiashara kwenye basi moja hakihitaji itikadi. Kinahitaji dereva.

---

Dada wa Kisutu

@Chawa Mstaafu na abiria wakigombana?

Nikupe mfano. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipita 4,000 kwa kilo sehemu nyingi. Mvua zilikwamisha uvunaji wa miwa, viwanda vikapungukiwa. Ikaja hoja nzito kweli: tuendelee kuvilinda viwanda vya ndani kwa kuwaachia wao vibali vya kuagiza pengo, au tuiruhusu NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, iagize na kuhifadhi sukari ili kuwe na akiba? Kuna ajira za Kilombero na Kagera upande mmoja, na kikombe cha chai cha kila nyumba upande wa pili. Hoja kama hiyo kwenye nchi nyingine ingegawa vyama viwili.

Kwetu mabishano yake yalikuwa kati ya mbunge wa CCM na waziri wa CCM, bungeni. Mbunge akasimamishwa vikao 15, na sheria ikabadilishwa kupitia muswada wa fedha. Mimi muuza maandazi nilikuwa na upande wangu kwenye ugomvi ule. Ningeupigia kura wapi? Wote wawili walikuwa alama ileile ya jembe na nyundo.

---

Siti ya Mbele

Dada umeua. Jembe likalime wapi, nyundo igonge nini 😂

---

Kijana wa Likoni

Naomba mwachie jirani nafasi kidogo, maana huku Kenya tulijaribu mnachokitaka.

Uchaguzi wa 2022 ulikuwa wa uchumi kushinda chaguzi zote nilizoziona. Upande mmoja, Kenya Kwanza, ulisema pesa zianze kwa mama mboga na bodaboda. Tutaweka shilingi bilioni 50 kila mwaka kwa mikopo, tutapunguza bei ya mbolea badala ya kufidia unga. Upande wa pili, Azimio (na si la Arusha, msichanganye), ukaahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia maskini milioni mbili. Hebu oneni tofauti ilivyo wazi. Hata babangu, ambaye siku zote anaangalia jina la ukoo wa mgombea, alikaa akapiga hesabu ya hizo elfu sita. Kura zikawa 50.49 kwa 48.85.

Sasa kilichokuja. Hazina ya Hasla ikazinduliwa Novemba 2022, mikopo kuanzia shilingi 500. Halafu Sheria ya Fedha ya 2023 ikapandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na kila mwenye payslip akaanza kukatwa asilimia 1.5 ya nyumba. Bodaboda anatumia nini kama si petroli? Mswada wa 2024 ukataka VAT kwenye mkate. Tarehe 25 Juni vijana wakaingia Bunge, kesho yake rais akautupa mswada. Watu walikufa kwa ajili ya mswada wa fedha.

Kwa hivyo funzo langu kwa ndugu Mkokoteni: sera kutamkwa waziwazi haitoshi. Tuliambiwa nani atapewa. Nani atalipa tuliambiwa tukiwa tumeshapiga kura. Na ODM nayo, chama kikuu ndani ya Azimio, iliyokuwa ikiongoza kupinga kodi hizo, Agosti 2024 mtu wake akaapishwa waziri wa fedha katika serikali hiyohiyo. Sasa 2027 ODM ikija Likoni kutuambia kodi ni mzigo, tuitazame vipi?

---

Mkokoteni

Karibu sana jirani. Hilo la "nani atalipa" naliiba, litakuwa langu kuanzia leo.

Angalieni ilani za huku kwetu. Zahanati kila kijiji, maji, barabara, mikopo, bima. Upande wa kutoa umejaa. Upande wa kutoza huukuti, na ukiukuta umeandikwa "kupanua wigo wa kodi". Wigo huo ni nani? Ni mwenye gereji, ni mpangishaji wa Sinza, ni wewe unayetuma hela kwa mama.

---

Kimya Kimya

Nimewavumilia mpaka hapa. Mnajadili imani ya mpiga kura kana kwamba kura inaamua. Oktoba 2025 CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi. Mshindi akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Watu wamezika ndugu zao. Leo unamuuliza mtu chama chake kitafanya nini kuhusu mahindi?

Kwanza tupate uchaguzi. Uchumi utafuata.

---

Mkokoteni

Ndugu, kwa waliozika sina neno, poleni.

Kuhusu utaratibu wa "kwanza hiki kisha kile" ndipo tunapotofautiana. 15 Julai 2021 zilianza tozo za miamala ya simu. Bunge lilikuwa karibu lote la chama kimoja, hakukuwa na kura iliyokuwa inakaribia. Watu wa kawaida wakapiga kelele, vijiweni, kwenye daladala, humu, na kufika Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30. Uchumi uliwasogeza watawala wakati ambapo siasa haikuweza. Kelele zote nilizozisikia zilikuwa "futeni". Sikusikia chama kikisimama kila siku kwenye mikutano kikisema "futeni hapo, tozeni hapa, na sisi tukiingia ndivyo tutakavyofanya". Chama kilichofungiwa uchaguzi bado kinaweza kulisema hilo, na kingekuwa na watu wengi zaidi nyuma yake siku kikidai huo uchaguzi. Muuza mkaa angekuwa anadai na cha kwake.

---

Kimya Kimya

Ukilisema hilo kwenye mkutano wanakukamata kwanza ndipo wauone mkaa wako. Lakini nimekuelewa.

---

Gunia la Kilo Mia

Naona mmezunguka dunia nzima na swali la mleta uzi hakuna aliyelijibu. Mimi nalima Namtumbo, nalijibu.

Mpaka haufungwi. Kabisa. Kiandikwe kwenye katiba ya chama, si kwenye ilani, ili kukifuta mpaka mkutano mkuu ukae. Mwaka wa neema NFRA inunue kwa bei ya soko, ijaze maghala. Mwaka wa shida iuze kwa bei ya chini Dar es Salaam na kwingine. Mkulima hajaibiwa, mlaji hajafa njaa. Chama kikisema hivyo nakichukulia kadi kesho, hata kiwe cha watu kumi.

---

Mkokoteni

Hatimaye! Mtu amejibu bila kutaja jina la mtu.

Swali moja tu. Mwaka wa shida NFRA inauza chini ya bei iliyonunulia. Hasara hiyo analipa nani?

---

Gunia la Kilo Mia

Wauze ma-V8.

---

Mkokoteni

Tumeyauza yote mkuu, hata la mkuu wa wilaya yako. Hiyo ni hela ya mwaka mmoja. Mwaka wa pili mvua imegoma tena, analipa nani? Mkulima wa tumbaku? Mgodi? Mwenye simu? Taja mmoja, na umwambie usoni.

---

Gunia la Kilo Mia

Ngoja nikafunge ng'ombe kwanza, nakuja.

---

Siti ya Mbele

Tunakusubiri.